Msimnyime Nyoka Giza Lake

Barabara itokayo Itigi kwenda Mitundu, mkoani Singida, hupita kwenye vichaka ambavyo wataalamu wa mimea duniani huvitambua kwa jina la mji huohuo wa Itigi. Si msitu mrefu. Miti yake mingi haizidi mita tano, lakini imesongamana na kufumana kiasi kwamba mtu akiacha njia hulazimika kuinama, na baada ya hatua chache hutambaa. Vichaka vya namna hii havipatikani kwingi: vipo hapa katikati ya Tanzania, na vingine viko Zambia, upande wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Mweru Wantipa. Humo, na kwenye miombo inayovizunguka, wanaishi chatu, kifutu, koboko, swila, nyoka wa nyumbani, nyoka mla mayai na wengine wengi. Mrina asali wa Mitundu hupita katikati yao kila msimu, na nyoka anaowaona yeye ni wachache mno kuliko wanaomwona.

Sasa mtazame nyoka huyohuyo akiwa amefungwa. Sanduku la kioo, balbu juu, gazeti chini, bakuli la maji pembeni, basi. Mfugaji akiulizwa kwa nini hakumwekea mahali pa kujificha, jibu huja upesi, na ni lilelile kwa anayefuga kwa ajili ya maonyesho na kwa kijana anayefuga kwa mapenzi: ndani ya sanduku hakuna adui, maficho ya nini? Tena, wanasema, nyoka akizoea giza huwa mkali na hashikiki. Walio na huruma kidogo huongeza kwamba mtupie kopo lolote lenye tundu, na likiwa kubwa ndiyo vizuri zaidi, apate kujinyoosha.

Hakuna hata moja kati ya kauli hizo iliyo sahihi. Zimeenea kwa sababu nyoka halii wala hachechemei. Mbuzi akikosa kivuli hulalamika na mtaa mzima ukasikia. Nyoka aliyekosa maficho hujikunja kwenye kona, akanyamaza, na mfugaji akatafsiri ukimya huo kuwa utulivu.

Hoja ya ukali ndiyo ya kuanza nayo, maana wenye kuitoa huivunja wenyewe kwa mikono yao. Mkamata nyoka yeyote, awe wa bustani ya nyoka ya Meserani karibu na Arusha, awe wa kituo cha nyoka cha Bio-Ken kule Watamu kwenye pwani ya Kenya, akishamkamata nyoka humtia wapi? Kwenye mfuko wa kitambaa, kisha akaufunga mdomo. Ndani ya mfuko ni giza, kitambaa kinamgusa mwili mzima, na nyoka aliyekuwa akifoka dakika chache zilizopita hutulia. Wapo wakamataji wanaotumia bomba lililoungwa na mfuko: huliweka mdomo wazi mbele ya swila aliyetanua shingo, nao hawamsukumi, yeye mwenyewe akiona tundu lenye giza hushusha shingo na kuingia. Bwana Nyoka wa Liwale, C.J.P. Ionides, aliyekuwa mlinzi wa wanyamapori kusini mwa Tanganyika na aliyefariki mwaka 1968, aliishi kwa kukamata, kufunga na kusafirisha nyoka wenye sumu kali kabisa. Kazi kama hiyo isingewezekana hata siku moja kama giza lingekuwa linampandisha nyoka hasira. Kinachompandisha hasira ni kuwa wazi huku kitu kikubwa kikimjia kutoka juu, na sanduku lisilo na maficho humweka katika hali hiyo saa ishirini na nne. Ndiyo maana nyoka wa sanduku tupu hugonga kioo kila mtu anapopita, na husugua pua yake ukutani akitafuta njia mpaka magamba ya mdomo yanachubuka na kutoa damu. Anayemwona hivyo husema huyu ni mkali kwa asili.

Na adui? Ni kweli, ndani ya sanduku hakuna tai wala nguchiro. Lakini nyoka hana namna ya kulijua hilo. Mwili wake umeundwa na mamilioni ya miaka ya kuwindwa, na unachokijua ni kwamba usalama ni kuguswa pande zote na kitu kigumu kisichosogea. Wafugaji wa Ulaya na Marekani walijifunza hili kwa chatu mdogo wa Afrika Magharibi, yule anayesafirishwa kwa wingi kutoka Ghana, Togo na Benin, ambaye porini hukaa kwenye mashimo ya panya na vichuguu. Huyu ni mmoja wa nyoka wanaofugwa zaidi ulimwenguni, na pia anasifika kwa kugoma kula. Anaweza kukaa miezi bila kugusa panya. Wazoefu wakiletewa kesi ya namna hiyo hawaanzi na dawa. Huuliza kwanza kipimajoto kinasemaje na maficho yakoje, kwa sababu mara nyingi nyoka aliyebanwa vizuri gizani hurudi kula mwenyewe.

Hata hivyo, woga ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni joto, na hapa ndipo wanaoona maficho kuwa anasa hupotea kabisa.

Nyoka hana tanuri ndani ya mwili. Joto lake hutoka mahali alipo, na usagaji wa chakula, kinga dhidi ya maradhi, kukua kwa mayai tumboni, vyote hutegemea joto hilo. Kwa hiyo pango la nyoka hufanya pia kazi ya kifaa cha kurekebisha mwili. Mwaka 1989 Raymond Huey na wenzake walichapisha utafiti kuhusu nyoka wa kawaida wa kando ya Ziwa Eagle, California. Walipima mawe ambayo nyoka hao walijificha chini yake. Jiwe jembamba, chini ya sentimita 20, lilichemka mchana na kupoa mno usiku. Jiwe nene, zaidi ya sentimita 40, halikupata moto wa kutosha. Nyoka wengi walikuwa chini ya yale ya katikati, ambako wangeweza kukaa mchana kutwa na usiku kucha katika joto walitakalo, kwa kusogea sentimita chache tu. Huko Australia, Jonathan Webb na Richard Shine waliona kitu kinachofanana na hicho kwa nyoka mmoja adimu wa karibu na Sydney: miezi ya baridi hukaa chini ya mawe yanayopigwa na jua, kiangazi kikija huyahama na kuingia kwenye matundu ya miti. Watu walipoyabeba mawe hayo kwenda kupambia bustani zao, nyoka wakapungua, ingawa hakuna aliyewaua kwa fimbo.

Kwa chatu wetu wa kusini na mashariki mwa Afrika ushahidi ni mzito zaidi. Graham Alexander wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand aliwafuatilia chatu hao kwa miaka kadhaa nchini Afrika Kusini, akitumia redio zilizopandikizwa mwilini, na mwaka 2018 akaeleza alichokiona. Jike hutaga ndani ya shimo lililochimbwa na muhanga. Rangi yake hugeuka kuwa nyeusi. Mchana hutoka hadi mdomoni mwa shimo, huota jua mpaka mwili unakaribia nyuzi 40 za Selsiasi, halafu hurudi ndani kuyazungushia mayai joto hilo. Watoto wakianguliwa hukaa naye shimoni kama wiki mbili, na usiku hulala ndani ya mikunjo yake. Tendo hilo zima la uzazi linategemea umbali mfupi kati ya jua na giza. Mtu akimfungia chatu huyo kwenye kizimba cheupe chenye taa moja katikati, kisha akashangaa mbona hazai, ajiulize alimnyima nini.

Wapinzani wa maficho mema wana hoja moja inayofaa kujibiwa kwa kirefu, kwa kuwa inatoka kwenye maisha ya watu na si ya kubuni. Wanasema: kule vijijini nyoka hupatikana chini ya bati kuukuu. Inua bati lililoachwa nyuma ya nyumba, Mitundu au popote, na kuna uwezekano ukamkuta nyoka wa nyumbani amejikunja, ameshiba panya. Wanasayansi wenyewe hulaza vipande vya bati porini ili kuhesabu nyoka. Basi bati si ndilo chaguo la nyoka mwenyewe? Kwa nini asikatiwe kipande akawekewa sandukuni?

Jibu liko kwenye saa. Nyoka wa chini ya bati hupatikana asubuhi au jioni, au siku ya mawingu, bati linapokuwa vuguvugu. Saa nane ya mchana wa Oktoba, mvua bado haijaanza na jua la Singida liko utosini, inueni bati hilohilo muone kama yumo. Hayumo, bati limekuwa kaango, naye ameshuka kwenye ufa wa ardhi, au shimo la panya, au chini ya mizizi. Bati kwake ni kituo kimoja kati ya vingi katika mzunguko wa siku. Anayelikata na kuliweka chini ya balbu, ndani ya sanduku lisilo na mahali pengine pa kwenda, amechukua kituo kimoja na kufuta vingine vyote. Hapo nyoka hulazimika kuchagua kati ya kuungua akiwa amefichika na kupoa akiwa wazi, na wengi huchagua kuungua. Mawe ya umeme yanayouzwa kwa ajili ya reptilia yana hatari hiyohiyo: nyoka hubaki juu yake hata ngozi ya tumbo ikiiva, mfugaji akaja kugundua siku ya pili.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kuchagua ni kwamba kificho kimoja hakitoshi. Viwe viwili kwa uchache, kimoja upande wa joto na kingine upande wa ubaridi, na vifanane kwa ukubwa na giza ili nyoka asilazimike kuuza usalama wake apate joto. Kwa nyoka wa nyumbani, upande wa moto ukiwa kama nyuzi 30 na wa pili ukiwa 23 hadi 25, atahama mwenyewe kadiri mwili unavyomtuma. Kipimajoto kiwekwe ndani ya kificho, mahali tumbo linapolala. Kukitundika ukutani ni kupima hewa anayopumua mfugaji.

Cha tatu huhitajika wakati wa kujivua gamba. Hewa ya Mitundu kuanzia Mei hadi Oktoba ni kavu, na nyoka wa porini hupambana nayo kwa kushuka ardhini ambako unyevu umebaki. Wa sandukuni hana pa kushuka. Gamba hukatika vipande, hubaki limekaza kwenye ncha ya mkia likaziba damu, au hubaki juu ya macho kama kioo kilichofubaa. Wengi hukimbilia kulibandua kwa kucha, jambo linaloweza kumpofusha. Kopo la plastiki lenye mfuniko, tundu moja ubavuni, na ndani yake kitambaa safi kilicholowekwa na kukamuliwa, kikibadilishwa kila siku kisiote kuvu, humaliza tatizo hilo kabla halijaanza.

Na ukubwa? Hapa huruma ya binadamu ndiyo inayokosea. Mtu hupenda chumba kikubwa, hivyo humnunulia nyoka pango kubwa. Lakini nyoka aliyejikunja katikati ya pango kubwa ni sawa na aliye wazi, ila yuko gizani. Kizimba ndicho kinachopaswa kuwa kikubwa, tena kikubwa kiasi cha nyoka kuweza kujinyoosha kuanzia kichwa hadi mkia. Kificho kinapaswa kubana: akijikunja, ubavu uguse kuta na mgongo ukaribie dari. Wanaofuga nyoka kwenye droo zilizopangwa kama za kabati, kama wafanyavyo wazalishaji wakubwa wa Marekani, husema droo nzima ni kificho, kwa hiyo wamemaliza kazi. Hawajamaliza. Droo humpa nyoka giza bila kumpa uchaguzi, na uchaguzi ndio uliokuwa maana ya yale mawe ya California. Upande mwingine, tundu la kuingilia lisibane. Nyoka akishameza panya hunenepa katikati, na wapo waliokwama kwenye vigae vizuri vya dukani hadi vikavunjwa kwa nyundo.

Mtoto wa chatu huanguliwa akiwa na nusu mita au zaidi kidogo, na mzazi wake huvuka mita tatu. Kificho cha mwaka jana si cha mwaka huu.

Baada ya hapo swali la nyenzo huwa jepesi, na watu wa Mitundu wako mbele ya wenye maduka. Eneo hili ni la asali. Mzinga wa gome uliochakaa, ukikatwa kipande na kupasuliwa kwa urefu, ni kificho bora kwa nyoka wa ukubwa wa kati: gome ni jepesi, halipati moto haraka, na sehemu yake ya ndani inakwaruza kiasi cha kumsaidia nyoka kuanza kujivua. Ila masalia ya nta na asali yakwanguliwe yote, yasije yakaita siafu, na kipande kianikwe jua kali siku kadhaa ili utitiri na mayai ya wadudu vife. Gae la chungu ni zuri pia, kingo zake zikishasuguliwa. Kibuyu kilichopasuliwa kinafaa kwa wadogo. Mbao za mierezi ziachwe. Mafuta yake yananukia kwa binadamu na yanamdhuru nyoka. Mawe mazito, yakitumika, yalazwe kwenye sakafu ya kizimba yenyewe kabla ya udongo kumwagwa, maana nyoka akichimba chini ya jiwe lililokalia mchanga, jiwe humshukia.

Lakini gome, gae na kibuyu havimfai kila nyoka, na hili ndilo kosa la wale wanaodhani wameshinda mjadala kwa kuweka kopo. Yuko nyoka mnene mfupi wa mchangani, jamaa wa mbali wa chatu, anayeishi maeneo makavu ya kaskazini na katikati mwa Tanzania na anayefugwa sana ng'ambo. Huyo hujizika. Kificho chake ni mchanga wenyewe, wenye kina cha kumfunika aache macho tu, na kumwekea nyumba juu ya gazeti ni kumdhihaki. Kifutu hujilaza kwenye majani makavu na kutegemea rangi zake. Anahitaji majani, mengi, kuliko paa. Nyoka wa mitini, yule mwembamba afananaye na kijiti, hatashuka kuingia kwenye chungu hata akiwa na hofu kiasi gani. Maficho yake ni matawi yaliyofungamana juu, na mlango wa kizimba uwe chini ya usawa wa kichwa chake. Nani angeyajua haya kwa kutazama kioo cha dukani? Yanajulikana kwa kutazama nyoka anakimbilia wapi anaposhtuliwa porini. Vichaka vya Itigi vina matabaka yote hayo, kuanzia mchanga na takataka za majani hadi gogo lenye uwazi na utando wa matawi, na kila nyoka ana tabaka lake.

Wenye bustani za maonyesho watasema hayo ni ya mfugaji wa nyumbani. Wao wana mgeni aliyelipa kiingilio na anataka kuona. Hoja yao si ya kubeza. Bustani ya Meserani, iliyofunguliwa mwaka 1993, imewafundisha watoto wa shule wengi kutofautisha nyoka wa hatari na asiye na hatari, na elimu hiyo huokoa maisha. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu 81,000 hadi 138,000 hufa kila mwaka ulimwenguni kwa kuumwa na nyoka. Kwa hiyo nyoka aonekane, ndiyo. Ila kuonekana hakuhitaji kumvua nguo. Kificho hujengwa kikiegemea kioo, upande wa mgeni ukawa na kifuniko kinachoinuliwa kwa muda mfupi, na njia ya wageni ikatiwa kiza ili watu wasionekane kutoka ndani. Joan Procter, alipobuni nyumba ya reptilia ya bustani ya wanyama ya London iliyofunguliwa mwaka 1927, alikwishaweka mwanga kwenye vizimba na kuacha ukumbi wa wageni gizani. Karibu miaka mia imepita. Kisingizio cha kutojua kimechakaa. Na ngoma za Bayeye wa Usukumani, ambazo hutoa nyoka mbele ya umati baada ya mavuno, hudumu kwa saa chache za siku. Anachokaa ndani yake nyoka saa zilizobaki ndicho kinachoamua kama mwaka ujao atakuwapo.

Kwa nyoka wenye sumu, kificho ni cha mfugaji kabla hakijawa cha nyoka. Vituo makini hutumia sanduku dogo la kificho lenye mlango unaoteleza, unaovutwa kwa fimbo ndefu kutoka nje. Swila akishaingia kulala, mlango hufungwa, kizimba hufunguliwa, kinyesi huondolewa, maji hubadilishwa, na hakuna mkono uliokutana na jino. Mtu anayefuga swila kwenye sanduku tupu kwa sababu anataka kumwona muda wote, kila siku ya usafi huingiza mkono kwenye chumba kimoja na nyoka aliye macho na asiye na pa kukimbilia. Hatari hiyo ameijenga mwenyewe.

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kuokota chatu kwenye vichaka vya Mitundu akamfanya wake. Anahitaji kibali, na chatu wote wako pia chini ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Hilo ni jema. Lakini afisa akija kukagua asiishie kwenye kufuli na stakabadhi. Aingize kipimajoto kwenye kificho cha upande wa moto, kisha cha upande wa baridi. Anyanyue kificho aone kama kinanyanyuka kwa urahisi, kwa sababu kisichonyanyuka huficha ugonjwa pamoja na nyoka. Atazame pua ya nyoka kama imechubuka. Na kwa kila kizimba cha koboko, swila au kifutu, aombe kuonyeshwa mlango wa kificho ukifungwa kutoka nje, mbele yake, kabla hajasaini.